Nusu Mita Kushoto

Lori lilisogea nusu mita kushoto, na Subilaga Mwakibete akajua palepale kwamba yeye ndiye aliyelifundisha.

Aliirudisha video nyuma akaitazama tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, chai yake bado inatoa mvuke, na kwenye kioo cha kompyuta barabara ya mteremko wa Idunduma ilikuwa inamjia kama ilivyoonekana kwa jicho la lori lenyewe: mwamba upande wa kushoto, bonde upande wa kulia, lami katikati. Kisha rundo la matawi mabichi ya mkaratusi. Hatua thelathini mbele, rundo la pili. Mbele ya hapo lilisimama lori kuukuu la bluu, boneti juu, na karibu na rundo la pili mwanamume ameinama, mikono imejaa majani.

Kila aliyewahi kusafiri nchi hii anajua maana ya matawi yaliyolazwa barabarani. Kuna gari limekufa mbele, punguza mwendo, hama upande. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo darasani, na hakuna asiyelijua. Lakini lori lile halikuwa na dereva. Liliyaona matawi ya kwanza, likayapitia. Liliyaona ya pili, na badala ya kuhama kulia likasogea kushoto ili magurudumu yasiyakose. Video ilikatwa hapo. Kampuni yenye lori ilikuwa na adabu ya kutosha kutoonyesha kilichofuata.

Chini ya video kulikuwa na barua fupi: ofisi ya Tamba ithibitishe kwamba mchezo wake hauhusiki, kwa kuwa baraza la uchunguzi wa ajali litakaa Ijumaa ya wiki ijayo.

Subilaga alikunywa chai. Ilikuwa imeshapoa.

*

Tamba ulikuwa mchezo wa mashindano ya magari. Mtu akiuwasha anapewa gari na nyanda zote za juu za kusini, kilima kwa kilima, kona kwa kona, aende anakotaka. Akichoka kuendesha, anafungua sanduku la vipande na kujijengea njia yake mwenyewe: hapa daraja, pale tuta la kurukia, pale kona ya kumkata mtu maini. Akimaliza anawaachia wengine washindane humo. Njia zilizojengwa na wachezaji zilikuwa zimepita milioni mbili, lakini iliyopendwa kuliko zote ilijengwa na Subilaga mwenyewe, mwaka wa kwanza wa mchezo, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Aliiita Idunduma.

Aliijenga kwa kumbukumbu. Mama yake alikuwa na kibanda cha chakula chini ya mteremko huo, na Subilaga alikulia hapo akibeba sahani za ugali na maharage kwa madereva. Kwa hiyo aliiwekea kila kitu alichokijua, hata majani ya magari mabovu. Aliyapanga kama madereva walivyoyapanga, rundo, hatua thelathini, rundo.

Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Katika Tamba, kila kitu kidogo kisichofungwa ardhini kinavunjika, na ukikivunja unapata moto, yaani ile nguvu ya ziada inayolirusha gari mbele. Ndivyo injini ya mchezo ilivyokuwa: viti, vibanda, matenga ya nyanya, vyote vinavunjika na vyote vinatoa moto. Majani nayo yakaingia kwenye hesabu hiyo bila mtu kuyaalika. Subilaga aliligundua siku ya kwanza ya majaribio. Gari lilipita, matawi yakaruka juu, majani yakamwagika hewani taratibu, na gari likafyatuka kama limepigwa teke. Palikuwa pazuri mno. Akaacha hivyohivyo.

Kitu pekee kisichovunjika kilikuwa ng'ombe. Hilo lilikuwa agizo la bosi wake, Remigius Haule, aliyesema kwamba hakuna ng'ombe atakayegongwa kwa raha katika mchezo wenye jina lake. Ukimgusa ng'ombe unarudishwa mwanzo wa njia, hata kama umebakiza mita mbili ushinde. Tena kwa kuwa kompyuta zao za siku zile zilikuwa dhaifu, ng'ombe alichorwa bapa, kama aliyekatwa kwenye ubao, mwekundu, na baka jeupe kwenye paji. Wachezaji walimcheka sana. Walimkwepa sana pia.

Miaka mitano baadaye ikaja kampuni ya malori yasiyo na madereva. Ilihitaji kuyafundisha magari yake barabara za milimani, na mazoezi ya kweli yangechukua umri wa mtu. Tamba ulikuwa na barabara hizohizo, na watu milioni tatu wakizipita kila siku. Kampuni haikutaka mwendo wa wachezaji, maana ulikuwa wa kichaa. Ilitaka macho yao: kitu gani mtu akikiona anakikwepa, na kipi anakipitia tu. Magari yakajifunza kwa kuangalia. Haule alitia sahihi, Subilaga alipiga makofi pamoja na wenzake, na madereva wa barabarani wakayapa malori hayo jina la mayatima, kwa kuwa hayakuwa na mtu ndani.

*

"Umeiona," alisema Haule. Hakuwa anauliza.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake anapotafuta la kusema. Alikuwa anaifuta.

"Nimeiona, kaka Haule. Lilikuwa linatafuta moto."

"Yatima hajui moto."

"Hajui. Anajua kwamba watu wote wakiyaona majani wanayafuata. Nimechungulia takwimu. Katika kila watu elfu wanaopita Idunduma, watatu tu hupunguza mwendo kwenye majani. Nadhani hao watatu ni wageni wanaotafuta breki."

Haule hakucheka. Alivaa miwani. "Sikiliza, dada. Nimekesha na jambo hili, kwa hiyo niache niseme mpaka mwisho. Ukienda barazani ukayasema hayo, watatukatia kamba siku hiyohiyo. Sheria iko wazi, chanzo cha mafunzo kikionekana kibovu kinafungwa. Lakini mayatima hawafungwi. Wako mia tatu na kumi, na nusu ya dawa za mikoa mitatu zinapanda kwa hao. Watabaki barabarani na macho haya haya. Nani atawafundisha majani?"

"Sisi tuwafundishe leo."

"Ndiyo. Leo ubadilishe njia. Anayepita kwenye majani apasuke tairi. Wachezaji watalia wiki mbili, kisha watazoea. Kampuni inachota mafunzo mapya kila baada ya miezi miwili. Miezi miwili, Subilaga, na kila yatima nchini atapunguza mwendo akiona tawi. Baada ya hapo nenda kaseme chochote unachotaka, na mimi nitakusindikiza."

"Na dereva?"

Haule alirudi kwenye miwani yake. Dereva wa lori la bluu aliitwa Gaudensi Ngailo, na kosa aliloandikiwa lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe, kwa kuwa hakuweka vibao vya pembetatu vinavyong'aa. Aliyekufa ni utingo wake, Jailos Sanga.

"Kisheria majani si onyo," Haule alisema. "Mzee ana kosa hata bila sisi. Hawatamfunga, kwa umri wake. Watamnyang'anya leseni, basi. Nimejaribu kuona kama ni jambo dogo. Sijaweza, lakini nimelinganisha."

Subilaga alibadilisha njia siku hiyohiyo. Haikumchukua hata saa nzima. Kufikia jioni wachezaji elfu arobaini walikuwa wamemtukana, wengine kwa ufundi mkubwa, na watu kumi na wawili katika kila elfu walikuwa wanapunguza mwendo. Siku ya tatu walikuwa sitini. Aliutazama mstari ule ukipanda na moyo wake ukapata nafuu. Haule alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomsumbua.

*

Siku ya tano alikwenda Idunduma. Alijiambia anakwenda kupima umbali kati ya rundo na rundo.

Mzee Ngailo alikuwa nyuma ya nyumba yake, anafua shati mwenyewe kwenye beseni, na anafua vibaya. Subilaga alimwamkia, akasema anatoka Mbeya, anafuatilia ile ajali. Mzee alidhani ni mwandishi wa habari, akamvutia kigoda.

"Karibu, mwanangu. Chai hakuna. Mwenye chai hayupo."

"Mama amesafiri?"

"Yuko msibani kwao, mwezi sasa. Jailos alikuwa mdogo wake." Alikamua shati, maji yakamwagikia miguuni. "Miaka kumi na tisa nimetembea na shemeji yangu. Sasa kaka zake wamesema dada yao asirudi hapa mpaka baraza liseme nani kaua. Baraza likisema ni mimi, basi, harudi. Siwalaumu. Wamefiwa, na karatasi ya kwanza waliyopewa ina jina langu."

"Mwambie basi mama jinsi ilivyokuwa."

"Nilimwambia. Niliweka majani, nikamwambia. Akaniuliza, uliweka mengi? Nikasema niliweka kama siku zote. Ndipo aliponiangalia." Mzee alitundika shati kwenye kamba, likining'inia upande. "Unajua lililotokea? Tuliweka marundo mawili, tukarudi kwenye injini. Wakapita watu wawili wenye magari yao, wakapunguza, wakatupungia mkono. Halafu akapita yatima wa kwanza. Hakupunguza. Alitupita karibu hivi, shati likapepea. Jailos akasema, shemeji, huyu hakuyaona, majani ni machache. Akapanda kukata mengine. Yeye ndiye aliyerudi kuongeza, mimi sikumtuma. Ila sikumkataza pia."

Subilaga aliuliza, "Aliongeza rundo gani?"

"La pili. Alilifanya kubwa, likajaa nusu ya njia."

Katika Tamba, rundo kubwa hutoa moto mwingi zaidi. Subilaga ndiye aliyeipendekeza kanuni hiyo, mwaka wa pili, ili wachezaji wawe na cha kuchagua.

Alikaa kwenye kigoda mpaka miguu ikafa ganzi. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Mzee alidhani amechoshwa na habari za msiba, akamwomba radhi.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa Bi. Tumwesige Kamuhanda, mwanamama wa makamo aliyekuwa na sifa ya kusoma kila ukurasa anaopewa. Upande mmoja walikaa mawakili wa kampuni, upande wa pili Mzee Ngailo peke yake katika shati lililokunjamana, na nyuma yake, viti vitatu mbali, mkewe na kaka zake.

Haule naye alikuja. Subilaga alikuwa amempigia simu alfajiri kumwambia kwamba atasema yote, na yeye hakupandisha sauti. Aliuliza tu leo mstari umefika wapi. Watu mia na kumi katika kila elfu, Subilaga alimjibu. Haule akasema, "Unaukata ukiwa mtamu," kisha akakata simu.

Wakili wa kampuni alisema maneno machache na safi: gari halikupewa onyo linalotambulika. Ndipo Subilaga alipoitwa, akajitambulisha, akaomba jambo moja. Alikuwa amekuja na Tamba wa zamani, kabla haujabadilishwa, na usukani wa kuchezea. Aliomba mwenyekiti aendeshe.

Ukumbi ulinong'ona. Bi. Kamuhanda aliutazama usukani. "Mimi?"

"Wewe, mheshimiwa. Watu wote wawe wanatazama kwenye ukuta."

Dakika ya kwanza alikuwa mbaya kabisa. Aligonga mwamba, akaanguka bondeni, akarudishwa. Akakutana na ng'ombe bapa, akamgusa, akarudishwa mwanzo, na watu wakacheka kidogo. Safari ya pili alimkwepa ng'ombe huyo kwa mbali kabisa. Dakika ya tatu alikuwa ameshika njia, ulimi unachungulia pembeni ya mdomo kama msichana anayetunga uzi kwenye sindano. Yakatokea matawi. Gari likapita katikati, majani yakamwagika hewani, moto ukawaka, gari likaruka. Bi. Kamuhanda alitabasamu. Yakatokea ya pili, makubwa, yamelala kushoto, na mbele ya watu wote mikono yake ikauzungusha usukani kidogo, kushoto, ili asiyakose.

"Naomba uishie hapo, mheshimiwa," alisema Subilaga.

Gari ukutani lilisimama.

"Umeyaona majani?"

"Nimeyaona."

"Kwenu ni Kagera. Njiani ukiona majani hivyo, unajua ni nini?"

"Najua. Kuna gari limeharibika." Alisema hivyo kwa wepesi. Alikuwa bado ameushika usukani.

"Kwa nini uliyafuata?"

Aliuachia usukani. "Yalikuwa yanatoa moto."

Subilaga aliwasha ile video ya lori akaiweka kando ya mchezo, zikaenda pamoja, gari la mwenyekiti na yatima, rundo kwa rundo, mpaka kwenye ile nusu mita. "Niliyaweka mimi," alisema. "Yatima hakukosa onyo. Alilipata, akalipenda, kwa sababu sisi tulilipenda kwanza. Marehemu alikuwa analiongeza ili lionekane zaidi, na lilionekana. Mzee huyu hakuzembea chochote."

Mke wa Mzee Ngailo aliinama, akajifunika uso kwa upande wa khanga, na kaka yake mkubwa akahama kiti kimoja kwenda mbele, kisha kingine, mpaka akawa nyuma ya shemeji yake. Hakumgusa. Alikaa hapo.

*

Haule alikuwa ametabiri kila kitu sawasawa. Baraza lilimfutia Mzee Ngailo kosa, na Tamba ulifungwa Jumatatu. Watu thelathini na wanne wakakosa kazi, akiwemo Subilaga, na wengine hawakumsalimia tena. Mayatima wakaendelea kupanda na kushuka. Kampuni ilitoa rambirambi na taarifa kwamba mafunzo mapya yatakuwa tayari baada ya mwaka mmoja na nusu. Mwezi uliofuata yatima mwingine alipita kwenye majani huko Igalula na kulikwangua lori la viazi. Hakufa mtu, ila utingo alivunjika mkono. Subilaga alikwenda kumwona hospitalini akamweleza yote. Utingo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Alistahili kugeuziwa mgongo, alifikiri Subilaga, na hakubaki kujitetea.

Alikuwa kwenye basi la kurudi alipomkumbuka ng'ombe.

Alimpigia Mzee Ngailo hapohapo. Ilibidi arudie mara mbili, kwa sababu mzee alidhani anataniwa.

"Wa ubao?"

"Wa ubao, baba. Bapa. Mwekundu, na baka jeupe hapa kwenye paji. Ndivyo wachezaji walivyomwona miaka yote, hakuna aliyewahi kumgusa mara mbili, na mayatima wamejifunza kwao."

Wiki mbili baadaye alisimama naye juu ya kona ya tatu ya Idunduma, saa tano za asubuhi, jua kali. Mzee alikuwa amepunguza mwendo wa maisha yake lakini si wa mikono. Ng'ombe aliyemtengeneza alikuwa amekatwa vizuri kwenye ubao, ana miguu miwili ya chuma ya kumsimamisha, na bawaba katikati ili akunjike aingie nyuma ya kiti. Shati la mzee lilikuwa limepigwa pasi. Chini, kwenye kibanda kilichokuwa cha mama yake Subilaga, madereva sita walikuwa wameacha chakula wakatoka kuangalia.

Wakamsimamisha ng'ombe kwenye njia. Wakarudi nyuma ya mwamba.

Yatima alitokea kwenye kona ya pili, mrefu, mweupe, kibanda chake cha dereva kitupu. Alikuja kwa mwendo wake uleule. Kisha akamwona. Breki zilipiga kelele ndefu, pua ikashuka, na tani arobaini zikasimama zikitetemeka mbele ya ubao uliopakwa rangi ya milango. Akangoja. Halafu akawasha taa ya kulia, akahama taratibu, akampita ng'ombe kwa mbali kabisa, kama wanavyopita watu kando ya kaburi.

Chini kibandani mtu alianza kucheka, wengine wakafuata. Mzee Ngailo hakucheka. Alimwendea ng'ombe, akampangusa vumbi usoni kwa kiganja.

"Jailos angelipenda hili," alisema. "Angempa jina."

Kisha akachukua panga lake, akapanda ukingoni, akaanza kukata matawi ya mkaratusi. Alishuka na mzigo, akaulaza barabarani mbele ya ng'ombe, rundo, akahesabu hatua thelathini, rundo. Subilaga alimtazama akitaka kumzuia.

"Baba, hayo hayasaidii. Mayatima bado wanayapenda."

"Ng'ombe atawazuia hao."

"Sasa majani ya nini?"

Mzee alimtazama, akashangaa kuulizwa jambo hilo na mtoto aliyekulia hapo chini.

"Ya watu," alisema. "Watu bado wanapita."

Akamwachia nusu ya matawi mikononi, akaenda kufungua boneti ya lori lake lililoegeshwa mbele, ambalo siku hiyo halikuwa na ubovu wowote. Subilaga alibaki na majani kwenye kona. Gari dogo lilikuwa linakuja kutoka juu, dereva ameshaanza kupunguza mwendo, naye Subilaga akaanza kuyapanga.